Redio ya gari inazimika ukibonyeza kuongea: usiifungue, pima kwanza

Redio inapokea vizuri, kioo kinawaka, sauti ni safi. Unabonyeza kitufe cha maiki ili ujibu, kioo kinafifia, redio inazimika. Ukiachia inawaka tena. Wengi wanaoanza redio ya ridhaa (mawasiliano ya redio kama burudani, si biashara) hapa Goma wakiona hivyo hukimbilia skrubu. Ziache. Mara nyingi redio ni nzima, na ugonjwa uko njiani kati yake na betri.

Angalia hesabu hii, kwa sababu ndiyo inayoeleza kila kitu. Redio ya VHF (ya masafa ya juu, kwa mawasiliano ya karibu) ya wati 50 ikipokea inakula kama nusu ampea. Ikirusha kwa nguvu zote inakula ampea 10 hadi 13; ya HF (ya mawimbi mafupi, yanayofika mbali) ya wati 100 inafika 20 hadi 22. Sasa tuseme kishikizo cha fyuzi kimeingia kutu na kimeleta ukinzani wa omu 0.2 tu. Wakati wa kupokea kinameza volti 0.1, hakuna atakayegundua. Ukirusha kwa ampea 12 kinameza volti 2.4: betri ina 12.6, redio inapata 10.2. Redio nyingi hutengenezwa kwa volti 13.8, pungufu au zaidi kwa asilimia 15, maana yake zinataka angalau 11.7. Chini ya hapo ubongo wake unakosa umeme na kuzima. Ikizima, mzigo unaondoka, volti zinapanda, inawaka upya. Kwa hiyo testa ikikuonyesha 12.6 wakati redio imetulia, bado hujapima kitu. Kipimo cha maana ni kile kinachochukuliwa kitufe kikiwa kimebonyezwa.

Kabla ya testa, shusha nguvu hadi wati 5 ujaribu. Redio ikibaki hai kwa wati 5 na kufa kwa 50, shuku umeme. Kisha ondoa antena, funga antena bandia (kifaa kinachomeza nguvu ya redio bila kuirusha hewani) ya omu 50 inayohimili wati za redio yako, bonyeza kwa sekunde tano. Ikifa hata hapo, antena yako haina kosa. Ikikaa vizuri na antena bandia lakini inakufa na antena ya kweli, mawimbi yanarudi ndani ya gari na kuvuruga redio: kagua kiungo cha kebo, masi (mahali pa kugusana na chuma cha gari) ya kitako cha antena, na SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena). Ukijaribu kwa antena ya kweli, sikiliza kwanza kama masafa yako huru, na utaje alama yako ya wito, ile ya Kongo inayoanza na 9Q.

Kwa kupima, muombe mwenzako abonyeze, wewe ushike testa. Iweke kwenye volti za DC, 20. Ncha moja iguse risasi ya nguzo chanya ya betri yenyewe, si kibanio; nyingine iguse waya mwekundu kwenye plagi nyuma ya redio. Abonyeze. Namba unayoona ndiyo volti zinazopotea upande wa chanya. Rudia upande wa hasi, maana watu wengi huusahau. Volti 0.2 au 0.3 kila upande si mbaya. Ikizidi hapo, tembea na ncha hatua kwa hatua: nguzo hadi kibanio, kibanio hadi fyuzi, upande mmoja wa fyuzi hadi wa pili. Pale namba inaporuka ndipo penye ugonjwa. Kile kishikizo cha omu 0.2 kinatoa joto la wati 29 hivi, sawa na pasi ndogo ya kulehemu, kwa hiyo plastiki yake hugeuka kahawia na kunuka, na ukiichomoa fyuzi unaikuta inacheza kwenye meno yaliyolegea. Usiyakunje meno ili yabane tena. Badilisha kishikizo kizima.

Goma ina adui wake. Gesi ya salfa inayotoka kwenye volkano ya Nyiragongo ikikutana na mvua inakuwa asidi, na bati za nyumba zinaonyesha inachofanya. Paka vaselini kwenye nguzo za betri na viungo vya masi baada ya kuvisugua ving'ae. Masi isifungwe kwenye boliti ya kiti yenye rangi. Mawe ya lava barabarani nayo yanatikisa: waya uliolehemiwa hukatika pale solda inapoishia, kwa hiyo bana kiungio cha ncha ya waya kwa koleo lake na ushikilie waya usicheze.

Unene wa waya usiubahatishe. Toka betri hadi dashibodi tuseme mita 4, kwenda na kurudi 8. Waya wa milimita mraba 1.5 kwa ampea 12 unameza volti 1.1, wa 4 unameza 0.4. Kwa HF nunua wa 6. Ukiwa sokoni kwangua ncha kwa wembe: ikitokea nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, uuache. Tundu la kuwashia sigara si la kazi hii kabisa.

Redio inayokaa dakika mbili tatu halafu inazima inalalamikia joto, au kiungo kinachopata moto polepole. Ya SSB (aina ya kurusha ambayo nguvu hufuata sauti yako) inayokufa ukipaza sauti tu ni ugonjwa uleule wa volti, kwa sababu inavuta ampea nyingi kwenye vilele vya sauti. Kwenye lori la volti 24 usichukue 12 kutoka betri moja kati ya mbili, utaiua. Weka kibadilishi cha 24 kwenda 12 kinachobeba ampea 30. Nyumbani kwenye sola, funga redio kwenye betri moja kwa moja, ukiweka fyuzi karibu na nguzo. Mlango wa mzigo wa regulata ndogo hukata ampea zikizidi.

Ikiwa plagi haishuki chini ya volti 11.7 huku kitufe kimebonyezwa, antena bandia imefungwa, na redio bado inakufa, sasa fungua skrubu. Anza pale waya wa umeme unapoingia kwenye bodi. Tazama solda kwa kioo cha kukuzia: duara jembamba jeusi kuzunguka pini ni ufa, na unaponeshwa kwa kulehemu upya.