Kipato pekee hakitoshi kukadiria mahitaji ya nishati
Ndugu, umeuliza kwa nini mahitaji ya nishati yasikadiriwe kwa ukuaji wa kipato pekee. Kaya ya hapa Dodoma ikipata kipato zaidi, mara nyingi huanza kuacha mkaa na kupikia gesi au umeme, na kwa kuwa jiko la mkaa hupoteza sehemu kubwa ya joto, jumla ya nishati inayotumika inaweza hata kupungua ilhali uniti za LUKU (umeme wa kulipia kabla) zinaisha haraka zaidi. Bei nayo huathiri matumizi polepole, maana watu hubadili kwanza mazoea, kisha vifaa. Teknolojia, ambayo naona husahaulika mno, ikiachwa nje ya modeli ya kukadiria mahitaji, akiba ya umeme iliyotokana na taa za LED, zinazotumia umeme kidogo, inaweza kuhesabiwa kimakosa kuwa ni athari ya bei.