Re: Kwa nini meli inaruka kisiwa na jua linawaka?

Umeuliza kwa nini meli ya kitalii ipite tu kisiwa kilichopo kwenye ratiba wakati kwa macho bahari iko poa, na kama hela inarudi. Ndugu yangu, ishu mara nyingi sio mvua, ni upepo na mawimbi. Meli zenyewe siku hizi ni maghorofa yanayoelea, ubavu wote ule unashika upepo kama tanga, sasa jaribu kuliingiza dude hilo kwenye mlango mwembamba wa bandari uone. Halafu kuna visiwa kama Grand Cayman kule Karibiani na Santorini kule Ugiriki, meli kubwa haifungi gatini kabisa, inakaa nje huko watu wanashushwa kwa boti ndogo, na hapo ndo kwenye shughuli: umesimama mlangoni, boti inapanda inashuka, mabaharia wawili wamekushika mikono wanasubiri wimbi litulie sekunde moja ndo wakwambie ruka. Mzee mwenye fimbo hapo anafanyaje? Na mkishuka asubuhi upepo ukachafuka mchana mnarudije?

Hela sasa. Mkataba wa tiketi unampa nahodha ruhusa ya kubadili njia, kwa hiyo nauli sahau, mara nyingi kinachorudi ni ushuru wa bandari tu, kidogo hicho. Matembezi uliyolipia kupitia meli kwa kawaida wanarudisha, ila ukijipangia na mtu wa nje muulize kabla hujalipa, meli isipofika inakuwaje.