Nichague kihariri gani kwa programu za wavuti? Tuanze na seva kwanza

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Ofisini nimekabidhiwa kujenga mfumo wa wafanyakazi kuombea likizo. Nitatumia PHP kwa Laravel (kiunzi cha kujengea programu za PHP), na JavaScript kidogo upande wa kivinjari. Seva itakayobeba mfumo ni ya Linux. Kompyuta yangu ni ya Windows, ina RAM ya GB 8. Mpaka sasa nimekuwa nikiandika kwa Notepad++ na kujaribu kazi kwa XAMPP, kile kifurushi cha seva na hifadhidata kinachowashwa kwenye kompyuta yako. Wenzangu wananivuta huku na huku: mmoja anasema VS Code, mwingine PhpStorm, wa tatu anashikilia kwamba mtu makini hutumia Vim. Nichague ipi? Na nikikosea, si nitakuwa nimepoteza muda wangu?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Umetaja vihariri vitatu, yaani programu za kuandikia msimbo, lakini lililonisimamisha katika swali lako ni jambo jingine: seva ya Linux. Wewe unaandikia Windows, mfumo utaishi Linux. Jibu langu linaanzia hapo, na nitachelewa kidogo kufika kwenye VS Code na wenzake.

Mazingira ya kutengenezea programu ni kila kitu ambacho msimbo unakihitaji ili uandikwe, uendeshwe na uchunguzwe. Kihariri kimo, lakini limo pia toleo la PHP, hifadhidata, kivinjari, Git inayotunza historia ya msimbo, hata namna mfumo wa uendeshaji unavyosoma majina ya mafaili. Kwa kuwa kihariri ndicho tunachokitazama kutwa, mabishano yote yanakiangukia chenyewe. Kihariri kisichokufaa kitakuchelewesha tu. Mazingira yasiyofanana na seva yatakuonyesha mambo ambayo si kweli, nawe utayaamini mpaka siku ya kukabidhi kazi.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Niliwahi kujenga mfumo kwenye Windows, ukaenda vizuri kwa wiki kadhaa. Siku ya kuupandisha kwenye seva, ukurasa wa kwanza tu ukagoma: darasa (class, kipande cha msimbo chenye jina lake) halipatikani. Faili nilikuwa naliona kwa macho yangu, lipo mahali pake. Nikakagua ruhusa za folda, nikasakinisha upya maktaba zote, nikawasha seva upya. Usiku ulikuwa umeingia nilipogundua kwamba faili niliipa jina mtumiaji.php kwa herufi ndogo, ilhali darasa lenyewe niliita Mtumiaji kwa herufi kubwa. Kwa Windows majina hayo mawili ni faili moja, na kompyuta za Mac kwa kawaida huona vivyo hivyo. Kwa Linux ni mafaili mawili tofauti, na Composer, chombo kinacholeta maktaba za PHP (msimbo ulioandikwa na wengine) na kuyapakia madarasa, hutafuta faili kwa kufuata jina la darasa herufi kwa herufi. Msimbo wangu ulikuwa na kosa tangu siku ya kwanza. Mazingira yangu ndiyo yaliyolificha.

Hifadhidata nayo ina mitego ya aina hiyohiyo. MySQL ikiwa kwenye Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida, hugeuza majina ya majedwali kuwa herufi ndogo na kutojali umeyaandikaje. Kwenye Linux, Likizo na likizo ni majedwali mawili. Halafu kuna jambo ambalo watumiaji wengi wa XAMPP hawalitambui: kitufe kimeandikwa MySQL, lakini kinachowaka ndani ni MariaDB. Ni ndugu wa damu, ila hawafanani kila kitu. Safu ya aina ya JSON (data iliyopangwa kwa majina na thamani zake) katika MySQL huhifadhiwa kwa muundo wake maalumu, wakati MariaDB huiweka kama maandishi marefu. Ule mshale wa kuchomoa thamani ndani ya JSON, yaani ->, MySQL inaujua na MariaDB haiujui. Ukitumia njia za Laravel zenyewe hutasumbuka sana, kwa sababu Laravel hukutafsiria. Siku utakapoandika SQL, lugha ya hifadhidata, kwa mkono wako ndipo tofauti itakapojitokeza.

Kwa hiyo kabla ya kupakua chochote, mtafute anayesimamia hiyo seva umuulize: PHP ni toleo gani, hifadhidata ni ipi na toleo gani, na ni moduli zipi za PHP zimewashwa. Akikuruhusu kuingia mwenyewe, amri ya php -v itakupa jibu la kwanza na php -m jibu la tatu. Hili ni muhimu kwa Laravel hasa, maana Laravel 11, kwa mfano, haikubali PHP iliyo chini ya 8.2. Ukishapata jibu, liandike ndani ya composer.json, kwenye sehemu ya config panapoitwa platform. Composer haitakuletea tena maktaba ambazo seva yako haiwezi kuzibeba, hata kama kompyuta yako ina PHP mpya zaidi.

Sasa utaipataje Linux ndani ya Windows? Kwa RAM ya GB 8 mimi ningekushauri WSL 2, ile Linux ambayo Microsoft imeiingiza ndani ya Windows yenyewe. Sakinisha Ubuntu humo, kisha weka PHP na hifadhidata ya matoleo yaleyale ya seva. Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, WSL 2 kwa kawaida hujiruhusu kufikia nusu ya RAM yote, yaani kwako GB 4, na kivinjari kikifunguliwa pembeni utaanza kuona kompyuta inakokota. Kwenye faili liitwalo .wslconfig unaweza kuiwekea kikomo. GB 3 zinatosha kwa mfumo wa likizo. La pili, mafaili ya mradi yaweke ndani ya Linux yenyewe, kwenye folda yako ya home, usiyaweke kwenye diski C na kuyafikia kupitia /mnt/c. Njia hiyo ya mzunguko ni ya polepole mno, na Laravel yenye maelfu ya mafaili madogo kwenye folda ya vendor, zinapokaa maktaba, itakufanya udhani WSL ni mbovu. Wengi huachana nayo hapo, bila kujua kwamba tatizo ni mahali walipoweka mafaili.

Njia nyingine ni kontena, yaani visanduku vinavyobeba programu pamoja na mahitaji yake yote, kwa kutumia Docker, na Laravel ina kifurushi chake kiitwacho Sail kinachorahisisha matumizi yake. Ikiwa mtakuwa wawili au zaidi kwenye mradi, kontena zina faida kubwa, kwa sababu mazingira yote yanaandikwa kwenye faili moja na kila mtu anapata yaleyale. Ukiwa peke yako na GB 8, naona ni mzigo unaoweza kusubiri.

Haya, tufike kwenye vihariri.

Zamani tofauti kati yao zilikuwa kubwa kuliko leo. Kila kihariri kililazimika kufundishwa kivyake jinsi ya kuielewa kila lugha: wapi kazi (function) imetangazwa, inapokea nini, jina gani limekosewa. Mwaka 2016 Microsoft, pamoja na kampuni za Red Hat na Codenvy, walitangaza itifaki inayoitwa LSP (Language Server Protocol). Kwa itifaki hiyo, uelewa wa lugha unakaa kwenye programu yake ya pembeni, na kihariri chochote kinaweza kuuliza na kujibiwa. Matokeo yake ni kwamba msaada uleule wa PHP unaoupata ndani ya VS Code unaweza kuupata ndani ya Neovim, iliyotokana na Vim, pia. Wanaobishana kana kwamba kihariri kimoja kinaona na kingine ni kipofu wanazungumzia hali ya miaka iliyopita.

Kwa hali yako, chukua VS Code. Sababu yangu kubwa ni kile kiendelezi chake cha WSL: dirisha unaliona Windows, lakini kazi yote, kuanzia kusoma mafaili hadi kuendesha amri, inafanyika ndani ya Linux. Hakuna kunakili mafaili huku na kule. Ongeza kiendelezi kimoja cha kuielewa PHP, Intelephense kwa mfano, na kimoja cha kusaka hitilafu kwa Xdebug, chombo nitakachokieleza hapa chini. Kisha simama. VS Code imejengwa juu ya Electron, maana yake ndani yake kuna kivinjari kizima cha Chromium pamoja na Node.js, kwa hiyo hata ikiwa tupu si nyepesi. Nimekutana na vijana wenye viendelezi arobaini, vingine vya kupamba rangi za folda tu, halafu wanalalamika kwamba kompyuta imezeeka.

PhpStorm ni kihariri ninachokiheshimu sana. Inaielewa PHP kwa undani: ukibadilisha jina la kazi moja, inabadilisha kila ilipoitwa bila kugusa jina linalofanana nalo kwa bahati tu. Kwenye mradi mkubwa wa miaka mingi, hilo peke yake linalipa gharama ya leseni. Lakini inahitaji leseni ya kulipia baada ya siku 30 za majaribio, na inapenda RAM. Kwa GB 8 zinazogawana na WSL na kivinjari, utaumia. Usije ukachanganya pia na habari kwamba WebStorm, ndugu yake wa JavaScript, ni bure tangu Oktoba 2024. Ni bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara, na wewe unafanya kazi ya ofisi. Ofisi ikikuongezea RAM na kukulipia leseni, ijaribu kwa moyo wote.

Vim ilitoka mwaka 1991, nayo ni mtoto wa vi ya mwaka 1976, na bado watu hodari wanaitumia kila siku. Mwenzako ana haki ya kuipenda. Sikubaliani naye kwenye neno makini tu, maana umakini wa mtu hauonekani kwenye kihariri chake. Usijifunze Vim sasa hivi ukiwa na kazi ya kukabidhi. Jifunze kiasi cha kukuokoa siku utakapoingia kwenye seva ukakuta hakuna kingine: i ili uanze kuandika, Esc ili utoke kwenye kuandika, :wq ili uhifadhi na kufunga, :q! ili ufunge bila kuhifadhi. Notepad++ nayo usiifute. Kwa kufungua haraka faili la kumbukumbu za makosa bado inafaa sana.

Kitu ambacho hukukiuliza, nami nakiona kina uzito kuliko jina la kihariri, ni dibaga, yaani chombo cha kusimamisha programu katikati ya kazi ili uione inafikiri nini. Kwa PHP chombo hicho ni Xdebug. Tuseme mfanyakazi anaomba likizo kuanzia Ijumaa hadi Jumanne, na mfumo wako unamkata siku 5 badala ya siku 3 za kazi. Wengi wetu tungeandika dd(), amri ya Laravel ya kuonyesha thamani na kusimama, kwenye mstari tunaoushuku, tukaangalia thamani moja, tukafuta, tukaandika tena mstari mwingine, tukazunguka hivyo asubuhi nzima. Ukiwa na Xdebug unabofya pembeni mwa mstari, unatuma ombi kwenye kivinjari, programu inasimama hapohapo na thamani zote zimejipanga mbele yako. Unasonga hatua moja moja mpaka uione Jumamosi ikihesabiwa kama siku ya kazi. Mara ya kwanza nilipoona hivyo niliumia kwa miaka niliyoipoteza kwa kukisia.

Kuisimika kuna tundu moja linalowaangusha wengi. Maelezo mengi ya zamani yanasema Xdebug husikilizwa kwenye mlango (port) namba 9000. Hiyo ilikuwa Xdebug 2. Tangu Xdebug 3 ni 9003, na ndani ya php.ini, faili la mipangilio ya PHP, unaweka xdebug.mode=debug. Ukikosea namba hiyo hutaona ujumbe wa maana wa kosa. Programu itapita tu bila kusimama. Na kwenye seva yenyewe usiiwashe, kwa kuwa inapunguza kasi sana. Kwa upande wa JavaScript huhitaji kusakinisha kitu: bonyeza F12 kwenye kivinjari, dibaga ya kusimamisha mstari imo humo, na kichupo cha mtandao kitakuonyesha kila ombi lililokwenda kwenye seva na lilijibiwa nini.

Swali lako la mwisho ni kuhusu kukosea. Atom, kihariri cha GitHub kilichopendwa sana, kilifungwa tarehe 15 Desemba 2022. Brackets ya Adobe iliachwa mwaka 2021. Watumiaji wake walihama, na wale ambao miradi yao ilipangwa vizuri hawakupoteza kitu zaidi ya muda wa kuzoea vitufe vipya, kwa sababu mambo ya msingi hayakuwa ndani ya kihariri. Yaweke yako hivyohivyo ndani ya mradi. Faili la .editorconfig lishike upana wa nafasi na aina ya mwisho wa mistari. Faili la composer.lock, linaloshika matoleo kamili ya maktaba, liingie kwenye Git. Liingie na .env.example lenye majina ya mipangilio, lakini .env yenyewe yenye nywila isiingie kamwe.

Na kabla hujaandika ukurasa wa kwanza wa mfumo wa likizo, chukua Laravel tupu, iongezee jedwali moja na picha moja, uipandishe kwenye ile seva ya Linux wiki hii. Kitakachogoma, kigome sasa, ukiwa bado na mafaili machache ya kuchunguza na hakuna mfanyakazi anayesubiri likizo yake.