Kijarida cha mkono: karatasi nne, uzi na mashine ya kopi

Kwa Kiingereza huitwa zine. Tukilitohoa neno hilo kama tulivyotohoa benki na baiskeli, tutaangukia kwenye "zini", na hapo hakuna mzazi atakayekupa hela ya kopi. Tuseme kijarida: kurasa chache unazoandika, unazochora, unazotoa kopi na kuzishona mwenyewe sebuleni.

Anza na kurasa 16, yaani karatasi 4 za A4 zilizokunjwa katikati. Karatasi moja ikikunjwa inazaa kurasa 4, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Ukiwa na maandishi ya kurasa 14 tu, usiyavute. Acha wazi ukurasa wa 2 na wa 15, yaani pande za ndani za jalada.

Kinachoharibu vijarida vingi ni mpangilio wa kurasa. Ukurasa wa 1 haulali na wa 2, unalala na wa 16. Chukua karatasi 4 chakavu, zikunje pamoja, funua kama msomaji huku ukiandika namba kwenye kona, kisha zitenganishe. Karatasi ya nje itaonyesha 16 kushoto na 1 kulia. Nyuma yake 2 na 15. Ya pili ni 14 na 3, nyuma 4 na 13. Ya tatu 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya ndani kabisa 10 na 7, nyuma 8 na 9. Kila jozi jumla yake ni 17 na namba witiri hukaa kulia. Ukipata 18, umeshakosea. Mfano huu chakavu usiutupe. Nenda nao hadi steshenari.

Sasa kurasa zenyewe. Andika kwa kalamu nyeusi ya wino mzito, maana penseli na wino wa bluu hutoka hafifu. Mashine nyingi hazichapi ukingoni, takriban milimita 5, hivyo acha sentimita 1 pande zote na sentimita 1.5 kwenye mkunjo. Picha za kubandika zibandike kwa gundi ya kijiti. Gundi ya maji inakunja karatasi, na mikunjo hiyo inatoka kwenye kopi kama mawingu. Kingo za vipande nazo huacha mistari: zipake wino mweupe wa kufutia, au mwombe mtoa kopi apunguze weusi hatua moja. Picha za kamera ziongezee mwanga kabla ya kuzichapa, la sivyo nyuso zinageuka masizi.

Kwa vijarida 30 unahitaji karatasi 120, kila moja ikipigwa pande mbili, yaani kopi 240. Bei ulizia kwa idadi hiyo, siyo kwa kopi moja. Kabla mtoa kopi hajabonyeza 30, toa seti moja, ikunje hapohapo kaunta, ilinganishe na mfano wako. Upande wa nyuma ukitoka kichwa chini, mashine imegeuzia upande mrefu wa karatasi. Inatakiwa igeuzie upande mfupi. Kama anageuza kwa mkono, asubiri upande wa kwanza upoe: karatasi yenye joto hujikunja na kukwama ndani.

Nyumbani, kunja kila seti ya karatasi 4 kwa pamoja na upitishe mgongo wa kijiko kwenye mkunjo. Stepla ya kawaida haifiki katikati, na hapa ndipo watu hukata tamaa. Ifungue, tandaza kijarida juu ya kipande cha boksi, jalada likitazama juu, bonyeza pini mbili kwenye mkunjo, kigeuze na ulaze miguu ya pini kwa kijiko kilekile.

Uzi unapendeza zaidi na haupati kutu. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, mengine sentimita 4 kutoka kila mwisho. Kwa uzi wa sentimita 50, ingia tundu la kati kutoka ndani kwenda nje, rudi ndani kwa la juu, shuka hadi la chini utoke nje, kisha rudi ndani kwa la kati. Ncha mbili zikae pande zote za ule uzi mrefu wa ndani, ufunge fundo juu yake. Zikikaa upande mmoja, fundo linalegea.

Karatasi za ndani zitachungulia kidogo pembeni. Zipunguze kwa wembe mpya na rula ya chuma, ukipitisha mara nne tano kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza mara moja, wembe unakwenda kombo na kuchana ukurasa wa kati.

Kurasa za asili zihifadhi kwenye bahasha kubwa bila kuzikunja. Toleo la pili litolewe kwenye hizo, maana kopi ya kopi hujaza wino matumbo ya herufi "a" na "e".