Maswali ya Wasomaji: Bwawa gani linafaa kwangu?

Nimejenga Kigamboni, kama mita 600 kutoka baharini, na nataka bwawa la mita 8 kwa 4. Fundi ananishauri la zege. Muuzaji ananiambia nichukue la faibaglasi, ati linakuja tayari na ndani ya wiki mbili watoto wanaogelea. Nimsikilize nani?

Usimsikilize yeyote kabla hujachimba shimo. Pale unapotaka bwawa, shuka mita 2, uliache shimo usiku kucha, asubuhi uteremshe kamba yenye jiwe upime maji yamesimama wapi. Kigamboni ni mchanga na kingo huporomoka, kwa hiyo asishuke mtu bila mbao za kuzuia. Rudia kipimo mwishoni mwa Masika, tena siku za bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida. Kipimo cha juu kuliko vyote ndicho cha kufanyia kazi. Cha Septemba kitakudanganya.

Tuseme umekuta maji nusu mita tu chini ya ardhi. Bwawa lako la zege, lenye kina cha mita 1.5 na kuta na sakafu za unene wa sentimita 20, litakuwa limezama mita 1.7. Maji ya ardhini yatalisukuma juu kwa nguvu ya tani 44 hivi, na zege lenyewe lina uzito wa kama tani 36. Likiwa limejaa hakuna neno, kwani maji ya ndani peke yake ni tani 45. Taabu ni siku utakayolimwaga ili ulisugue: linaibuka kama dau, mabomba yanakatika, sakafu inapasuka. Ganda la faibaglasi la ukubwa huo lina uzito wa takriban tani moja. Hilo halingoji hata limwagwe lote.

Kwa hiyo kwako ni zege, na uliinue. Ukilinyanyua sentimita 60 juu ya ardhi, msukumo unashuka hadi tani 22 na uzito wa zege unabaki uleule. Utapanda ngazi tatu kuingia bwawani, lakini utalala usingizi. Chini ya sakafu tandaza kokoto sentimita 20, na kando simamisha bomba la plastiki la inchi 4 lenye matundu, lifike kwenye kokoto hizo. Hilo ndilo jicho lako: kabla ya kumwaga bwawa siku yoyote, chungulia humo. Ukiona maji yako juu ya sakafu, yavute kwanza kwa pampu au uahirishe kazi hadi kiangazi.

Mhandisi akuchoree nondo. Kwa bwawa la kadiri hii utaona mara nyingi nondo za milimita 12 kila sentimita 20, zikifunikwa na zege la sentimita 5. Ukiona nondo zimelala juu ya udongo badala ya vitofali vya saruji, simamisha kazi hapohapo. Mchanga wa ufukweni usiingie kwenye zege hata ndoo moja, chumvi yake inakula chuma. Sakafu na kuta zikimwagwa siku tofauti, mshono ule ndio utakaovuja. Dai mkanda wa kuzuia maji, nusu yake izame kwenye sakafu na nusu kwenye ukuta. Zege limwagiliwe kwa siku 7 bila kuruka hata moja.

Kisha jaribu kabla ya vigae. Jaza bwawa, weka ndoo yenye maji kwenye ngazi ya ndani, chora alama ya maji ya ndoo na ya bwawa. Baada ya saa 24 jua litakuwa limekula milimita chache kwenye vyote viwili. Bwawa likishuka kuliko ndoo, linavuja. Fundi atakayekuambia "vigae vitaziba" anakuandalia kubomoa vigae.

Kiwanja changu kiko Kitengela, udongo mweusi. Fundi anataka kujenga kuta kwa mawe ya kukatwa apige plasta juu. Yatashika?

Hayatashika, dada. Udongo mweusi ukinywa maji huvimba, ukikauka hupasuka nyufa unazoweza kutia mkono. Ukuta wa mawe umeshikwa na saruji ya viungo tu, ukisukumwa upande mmoja unafunguka konani. Ubaya zaidi, bwawa lenyewe linaunywesha udongo: ufa mdogo unavuja, udongo wa upande ule unavimba, ufa unapanuka, maji yanazidi kutoka.

Ondoa udongo mweusi wote mpaka ufike moramu ngumu au mwamba, na uchimbe sentimita 60 zaidi ya ukuta kila upande. Kujaza ni kwa moramu, tabaka za sentimita 15, kila moja ishindiliwe. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika: lori la moramu linaonekana gharama, basi udongo mweusi uliochimbwa unarudishwa nyuma ya ukuta.

Jenga zege lenye nondo lililoshikana sakafu hadi kuta. Faibaglasi nayo inawezekana kwako kama shimo halitoi maji, maana ganda hujipinda kidogo bila kupasuka. Pima barabara kwanza: ganda la upana wa mita 4 haliingii kwenye konteina ya kawaida, ambayo ndani haifiki mita 2.4, hivyo litakuja juu ya lori la wazi na litahitaji kreni. Linapofukiwa, maji ya ndani na mchanga wa nje viongezwe pamoja, visipishane zaidi ya sentimita 30. Vikipishana, kuta zinabonyea na hazirudi. Mwisho, zungushia sakafu ya mita 1.2 yenye mteremko wa kupeleka mvua mbali.

Nakaa ghorofa ya pili Upanga. Naweza kuweka kwenye baraza lile bwawa la kufunga kwa fremu, la mita 3.6, watoto wacheze?

Hapana, tafadhali. Bwawa hilo la kina cha sentimita 76 hubeba takriban lita 6,500, yaani tani 6 na nusu. Kila mita ya mraba chini yake inabeba zaidi ya kilo 600, na sakafu za makazi kwa kawaida hukadiriwa kwa kilo 150 hadi 200. Liweke chini uwanjani, juu ya ardhi iliyosawazishwa kwa pima maji. Upande ukishuka sentimita 5, fremu inalemewa upande huo. Na kila jioni ondoa ngazi yake, mtoto asilifikie peke yake.