Sauti na Umeme Katika Kutengeneza Chembe za Platini

Swali: Ninafundisha kemia kidato cha sita. Mwanafunzi wangu amesoma kwamba vichocheo (vitu vinavyoharakisha mmenyuko wa kemikali) vya platini vinavyobebwa na kaboni huweza kutengenezwa kwa umeme na altrasaundi kwa pamoja. Altrasaundi sisi tunaijua kwa kupima wajawazito. Je, sauti hufanya kazi gani ambayo umeme peke yake hauiwezi?

Jibu: Ahsante, Mwalimu, kwa swali zuri. Ukipitisha mkondo katika maji yenye chumvi ya platini, ioni (atomu zenye chaji) hupokea elektroni kwenye kathodi, yaani ncha hasi, na kuwa atomu, nazo atomu hujikusanya kuwa chembe. Mkondo ukiendelea, chembe hunenepa na kushikana hadi kuwa utando mmoja, kama ule wa kijiko kilichopakwa fedha. Kwa kichocheo hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu atomu zilizozikwa ndani ya utando hazifikiwi na gesi yoyote. Gramu moja ya platini ikigawanywa katika chembe za nanomita 3 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), nyuso zake kwa jumla hukaribia mita za mraba 90. Katika madini ghali kama platini, tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Katika miaka ya 1990, mwanakemia Jacques Reisse na wenzake huko Brussels, Ubelgiji, walitumia fimbo ya titani iliyokuwa kathodi na wakati huohuo kitoa sauti. Mkondo hupita kwa muda mfupi sana, chembe huchipua kwenye ncha ya fimbo, kisha umeme hukatwa na sauti ya takriban kilohezi 20, yenye nguvu kupita ile ya kliniki, huachiwa. Viputo vidogo huumbika majini na kupasuka kwa kishindo, vikizibandua chembe kabla hazijanenepa na kuleta ioni mpya kwenye ncha iliyosafishwa. Wengi husimulia viputo tu, lakini kwa maoni yangu ufundi wenyewe umo katika kupokezana huko: mkondo ukichelewa kukatwa, chembe huwa kubwa.

Chembe zilizobanduka hupenda kugandana, hivyo huwekewa kemikali ya kuzitenganisha, au huachwa zitue juu ya unga wa kaboni, ambao huzishikilia mbalimbali na kupitisha elektroni. Ila viputo hivyohivyo huila pia ncha ya fimbo, na vipande vya titani huweza kuchanganyika na platini, kwa hiyo unga uliopatikana hauna budi kupimwa.