Marekani Iliupoteza Wapi Mchezo?

SWALI: Maalim, shikamoo. Nawafundisha watoto wa shule moja hapa Kisauni mchezo wa chesi, na nimeandika ukurasa wa kubandika ukutani kuhusu Olimpiadi ya Budapest ya 2024, ile ya timu za taifa. Wenzangu wamenishika mashati. Mmoja ataka niandike "India imeshinda", mwengine "India wameshinda". Wa tatu asema neno chesi nilifute kabisa, niandike sataranji. Tuamulie.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hayo uliyouliza nitayajibu upesi, maana macho yangu yamekwama mahali ambapo hukuuliza. Ule ukurasa umeniletea pamoja na barua, na mstari wa nne unasema hivi: "Katika raundi ya 10 Marekani ilipoteza mchezo kwa India, 2.5 kwa 1.5." Kahawa yangu ilipoa papo hapo.

Nianze na yenu. India imeshinda. Jina la nchi huenda na ngeli ya I-ZI, na timu vilevile: timu imeshinda, timu zimeshinda. Huyo wa "wameshinda" hajapotoka sana; kichwani mwake anawaona wale vijana waliokaa mezani, si nchi. Mtangazaji wa mpira akisema "Kenya wamesawazisha" huku jasho linamtoka, simkamati. Ukutani mwa darasa, andika "imeshinda".

Sataranji ni neno letu la siku nyingi. Lilianza India kama chaturanga, yaani vikosi vinne vya jeshi: tembo, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Waajemi wakalipokea, Waarabu wakalilainisha likawa shatranji, likatufikia sisi. Chesi limeingia kwa mlango wa Kiingereza, na watoto wako ndilo wanalolijua. Kichwa cha ukurasa kiwe sataranji, chini yake tumia chesi wakati wowote ulimi ukichoka. Ila "chess" yenye s mbili zilizobaki zinaning'inia kama kamba za viatu, hiyo usinionyeshe tena.

Sasa turudi mstari wa nne.

Ipo baraza moja Mji wa Kale ambapo kila jioni, baada ya magharibi, wazee hucheza dama kwa vizibo vya soda, kahawa chungu pembeni, kashata kwenye karatasi. Jioni moja mzee alikuwa amefungwa mara tatu mfululizo. Mjukuu wake, mtoto wa darasa la sita, akatokea akachungulia ubao, akasema kwa huruma kabisa: "Pole babu, umepoteza." Mzee akashtuka. Akapapasa mfuko wa kanzu, funguo zipo. Akapapasa wa pili, simu ipo. Akainama akatazama chini ya kiti, miwani ikamteleza puani. "Nimepoteza nini?" Wote tukacheka isipokuwa yeye, maana yeye alikuwa ndiye pekee aliyemwelewa mtoto kwa Kiswahili.

Kitu hupotea kikiwa kilikuwepo mkononi. Mtu hupoteza funguo, hupoteza njia, hupoteza fahamu, hupoteza wakati wake akisoma magazeti yanayoandika "Kenya yapoteza". Mchezo ambao Marekani iliucheza na India, je, ulikuwa wa Marekani kabla? Waliuweka wapi? Uliwadondoka kivukoni? Kiingereza kina kitenzi kimoja tu kinachobeba funguo iliyodondoka na mechi iliyoshindwa. Huo ni umaskini wao, na sioni kwa nini tuukope kwa riba.

Na lililo baya zaidi ni hilo "kwa". Kwa Kiswahili, "kwa" na jina la mwenyewe ni nyumbani kwake. "Nimepoteza kilemba kwa shangazi" maana yake nilikwenda kwa shangazi, nikarudi kichwa wazi. Basi "Marekani ilipoteza mchezo kwa India" maana yake Wamarekani walikwenda kuzuru India, wakalishwa wali na mchuzi, wakaaga, na walipofika njiani wakakumbuka mchezo wameuacha juu ya kochi. Warudi wakaulize! Mwenye nyumba ni mtu mwema, atawapa.

Kumbe tunacho kitenzi chetu, kimekaa kimya kinatungoja. Kushindwa. Marekani ilishindwa na India. Tazama jinsi neno hili lilivyo na adabu: halimtaji aliyeanguka bila kumuachia nafasi aliyemwangusha. "Na India", huyo hapo, amesimama. Ukisema "alimshinda", ile -m- ndani ya neno ndiyo mtu mwenyewe aliyelala chini. Raundi hiyo ya 10 ilichezwa kwenye meza nne, kama ilivyo kawaida ya Olimpiadi, mchezaji wa tano akiwa wa akiba. Gukesh wa India alimshinda Caruana wa Marekani. Mwenzake Arjun Erigaisi akamshinda Domínguez. Wesley So naye akalipa kisasi kwa upande wa Marekani, akamshinda Praggnanandhaa. Vidit wa India na Aronian wa Marekani wakatoka sare, kila mmoja na nusu pointi yake. Hizo ndizo 2.5 kwa 1.5 zako, na kila pointi ina mtu na mpigaji wake. Sasa iandike kwa kupoteza: Caruana alipoteza, Domínguez alipoteza, Praggnanandhaa alipoteza. Unadhani ni tangazo la vitu vilivyookotwa.

Kuna watakaoniambia kwamba "kushindwa" lina utata, kwa kuwa lina maana pia ya kutoweza. Utata huo uko vichwani mwao. "Timu imeshindwa kusafiri": kitenzi kimefuatwa na kitenzi, basi haikuweza. "Timu imeshindwa na India": kimefuatwa na "na", basi imepigwa. Mtoto wa miaka mitano pale Bondeni hakosei. Na kama kweli neno linakukera, basi sema imefungwa, imepigwa, imelazwa, imeliwa kama kete. Waswahili kwa kumtaja aliyeshindwa hatujawahi kupungukiwa.

Nisiwe mkali kupita kiasi, pana mahali kupoteza nakuruhusu. Ukihesabu kwa timu nzima, si kwa meza, India iliondoka Budapest na pointi 21 kati ya 22. Ilishinda raundi kumi, na katika ya tisa ikatoka sare na Uzbekistani, sare ikiwa na pointi moja badala ya mbili. Hiyo moja iliyobaki, sawa, iliipoteza. Ilikuwa karibu kabisa na mkono.

Chini kidogo umeandika tena kwamba India "ilishinda medali ya dhahabu" kwa wanaume na kwa wanawake. Kwanza, hilo la "wanaume" lifute. Upande ule ni wa wote, mwanamke mwenye uwezo aweza kuucheza. Pili, kushinda medali. Medali ilipigana na nani hata ikashindwa? Medali hutwaliwa, hunyakuliwa, hutiwa kibindoni. Hapa lakini nimechoka, mwalimu. Nimepigana na "kushinda zawadi" tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na kila kampuni ya simu inapotangaza bahati nasibu najiona nakimbiza upepo wa kusi kwa kapu. Ukiandika "ilishinda medali" nitaguna, nitageuza ukurasa. Ujue tu kwamba kushinda ni pia kukaa mchana kutwa, ndiyo maana mtu huweza kushinda Budapest bila kumpiga yeyote, akarudi na picha za mto Danube.

Mstari wako wa nne uwe hivi: "Katika raundi ya 10 Marekani ilishindwa na India, 2.5 kwa 1.5." Neno limepungua moja, na hakuna aliyekwenda kwa mtu.

Yule mzee, kwa taarifa yako, juzi kafungwa tena. Mjukuu akafika, akasema yale yale: "Babu, umepoteza." Mzee hata macho hakuinua ubaoni. "Angalia chini ya kiti," akamwambia.